Mwamba wa Kuanikia Mihogo

Shemeji yangu, mchuuzi wa samaki wakavu, alikuwa amejenga nyumba ndogo ya mbao nyuma ya lori lake: kitanda, sanduku la vyombo, pipa la maji na paa la mabati. Alilala humo popote usiku ulipomkuta kati ya Kamina na ziwa Kisale. Alipougua mgongo, aliniomba nitumie likizo yangu ya karakana ya reli kumletea samaki kwa lori hilo kutoka Kinkondja, kando ya ziwa. Mke wangu, dada yake, alikubali tufuatane. Hatukuwa tumewahi kulala nje ya kambi ya reli, ambako maji huletwa na taa huwashwa na watu wengine.

"Tafuta mahali pa sawasawa," shemeji aliniagiza, akilipiga lori kofi ubavuni. "Kamyo ikiinama, utaamka damu yote iko mu kichwa."

Jioni ya kwanza nilitafuta kwa makini. Kando ya kijiji kimoja niliona mwamba mpana, laini kama sakafu, tena umefagiwa. Niliegesha juu yake na kuzuia magurudumu kwa mawe. Mke wangu aliuliza kama hatungeomba ruhusa kwanza. Nilimjibu kwamba hapo hapakuwa shamba wala ua wa mtu. Nani alifagia, sikujiuliza.

Asubuhi alikuja mwanamke amebeba beseni la mihogo iliyolowekwa mtoni hadi ikalainika, tayari kuanikwa pale mwambani. Alisimama, akatutazama.

"Tata, njo hapa mulilala?" aliniuliza, akiniita baba kwa heshima.

Niliondoa lori haraka. Pale injini ilipokuwa, mwamba ulikuwa na madoa meusi, na mafuta yalikuwa yametiririka kufuata mwinamo mdogo ambao sikuwa nimeuona, hadi katikati. Mwanamke alipiga magoti akanusa.

"Iko mafuta."

"Kidogo tu, mama. Tutaosha."

"Utaosha jiwe? Jiwe inakunywa."

Tulisugua kwa mchanga na majivu, tukamaliza maji ya pipa. Mimi sikusikia harufu yoyote tena. Mke wangu na yule mwanamke waliisikia.

"Weye pua yako ilibaki mu treni," mke wangu aliniambia, na hakucheka.

Mihogo ile ilikuwa imekwisha kutoka majini. Isipopata jua siku hiyo ingeoza, na nyingine shambani kwake ilikuwa bado changa. Hiyo ndiyo ilikuwa iwe unga wa bukari, ugali wa nyumba yake. Wanawake wengine walifika na mabeseni yao, wakautazama mwamba, wakageuka kushika njia ya miguu hadi mwamba mwingine wa mbali. Yeye alikuwa ameloweka mingi kuliko wote, na bado alikuwa na mabeseni mengine mtoni. Asingeweza kuyabeba yote hadi huko.

Mke wangu ndiye aliyefikiria paa la lori. Nilipanda, nikapangusa mabati, nikapokea mihogo kipande kwa kipande.

"Leo bukari yangu inapanda kamyo!" mwanamke alisema, na kwa mara ya kwanza alicheka.

Tulibaki pale hadi ikakauka, mimi nikifukuza kunguru kwa shati. Lakini paa lilichukua nusu tu. Iliyobaki aliianika juu ya mikeka nyuma ya nyumba yake, mbali na vumbi la barabara lakini chini ya kivuli cha miti, ikaota ukungu mweusi. Aliitenga pembeni polepole, bila kutazama upande wetu. Afadhali angenitukana.

"Mukirudi, mulale mbele ya nyumba yangu," alisema tulipoagana.

Tuliporudi na samaki, tulilala alipotuonyesha. Mwamba ulikuwa bado mtupu, bila mihogo. Nilimpa samaki wengi, akawapokea kwa mikono miwili, akapika, akatuita. Donge la bukari lilikuwa dogo. Alimega tonge moja, akalitafuna kwa muda mrefu, kisha akanawa mikono.

"Kula, tata. Iko ya kutosha."

Haikuwa ya kutosha. Kukataa chakula chake kungekuwa kumwongezea dharau, kwa hiyo nilikula, na mke wangu akala, hadi sahani ikawa tupu.