Jina la Nne

Mimi na mkwe wangu tulianza darasa siku moja. Ni baba wa mke wa mwanangu, mkulima wa ngano na mbaazi kwenye vilima vya juu ya Karatu, mtu mpole asiyejua kupandisha sauti. Ningempenda bila shida kama asingekuwa na mababu wengi kiasi kile.

Darasa lilikuwa Jumamosi, kwenye ukumbi wa parokia. Mwalimu, mama mstaafu wa shule ya msingi, alitufundisha kutafuta historia za koo zetu: namna ya kumhoji mzee bila kumchosha, kuanza na nyumba ilisimama wapi, maji yalichotwa wapi, ndipo uingie kwenye majina. Siku ya kwanza alitugawia karatasi za manila na kalamu za rangi, kila mtu achore mti wake. Mkwe alichora, akaomba manila ya pili, akaibandika kwenye ile ya kwanza, akaendelea. Mimi niliandika jina langu, la baba na la babu, majina yale yale matatu ninayoandika tangu nianze shule. Kisha nikafunika kalamu, nikajifanya nasoma meseji.

"Mkwe, mbona umepaki mapema?" akanitania, kwa kuwa mimi ni dereva wa watalii.

Watu wakacheka. Nami nilicheka, lakini roho iliniuma. Nimeshusha wageni kreta ya Ngorongoro miaka na miaka. Simba jike akikatiza barabara naweza kuwaambia mama yake alikuwa yupi. Darasani hakuna aliyeniuliza habari za simba.

Lingekuwa darasa tu, ningeacha. Lakini mke wa mwanangu alikuwa mjamzito, na hospitali walishasema ni wa kiume. Mwanangu aliniambia waziwazi: "Baba, tunataka apewe jina la mzee wa zamani. Ukilipata la upande wetu, tunampa hilo. Ukikosa, mama yake anataka la ukoo wao."

Ukoo wao! Wao wanayo ya kuchagua. Mjukuu wangu wa kwanza angeitwa jina lililotoka kwenye manila ya pili ya mkwe, na mimi ningelazimika kupiga makofi.

Babu yangu alikuwa Mdatoga aliyetoka upande wa Ziwa Eyasi kuja kuchuma kahawa Oldeani. Shambani walimjua kwa jina la ubatizo na la utani. Jina la baba yake hakuna aliyelihitaji. Baba amefariki, shangazi halijui. Aliyebaki ni bibi, mjane wa babu, anayeishi na shangazi huko huko Oldeani. Nilipomwambia mkwe kwamba naenda kumwuliza, akaomba kunisindikiza.

Mimi sijui Kidatoga. Mama yangu ni Mwiraqw na nimekulia mjini kwa Kiswahili. Mkwe alichunga ng'ombe utotoni na watoto wa Kidatoga. Alipomsalimia bibi kwa lugha yake, bibi, ambaye kwangu haendi mbali zaidi ya "karibu, baba", akafunguka, akacheka mpaka akashika ubavu. Akaagiza mkwe aletewe maziwa ya mgando. Mimi nikaletewa soda, kama mgeni. Nilikaa nyumbani kwa bibi yangu mwenyewe nikiona kijicho, mtu mzima na mvi zangu.

Nikawakatiza. "Bibi, baba yake babu aliitwa nani?"

Akageuza uso. Nikarudia, kwa sauti zaidi.

"Waulize wengine," akasema.

"Wengine wapi, bibi? Wamekufa wote. Umebaki wewe tu."

Akavuta shuka lake. Mkwe alinigusa goti kwamba niache. Nikausukuma mkono wake. Mimi nilishajua ninachokiona: bibi analijua jina, ila hataki kunipa mimi. Angeulizwa na mkwe, angesema. Barabara nzima ya kurudi, na makorongo yake yote, sikumsemesha.

Mtoto akazaliwa, na mti wangu bado una majina matatu. Jumamosi moja baada ya darasa, mkwe akanivuta pembeni, penye tangi la maji. Alikuwa ametoka Mang'ola kufuata vitunguu.

"Mkwe, nimelipata," akasema. Akalitamka taratibu, akalirudia ili nilishike.

"Nani kakwambia?"

"Mdogo wake bibi, anaishi kule. Bibi asingeweza, mkwe. Mwanamke wa Kidatoga halitamki jina la baba mkwe wake maisha yake yote. Ni heshima. Mdogo wake hakuolewa nyumba ile, kwa hiyo kwake ni jina tu."

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Ulikuwa umenuna."

Angelitangaza darasani, akajisifu, ningemchukia kwa raha zangu. Hata hilo alininyima. Nikamshukuru kwa sauti ya mtu mwenye mafua, nikarudi ndani nikaliandika. Mwandiko ni wangu, lakini kila nikilisoma nasikia sauti yake.

Siku ya ubatizo tulimleta bibi Karatu. Jina likatajwa kanisani, likatajwa tena nyumbani, shangazi akaliingiza kwenye kila wimbo. Aliyelitamka sawasawa ni mkwe. Mimi bado linanipiga chenga. Kumpeleka mtoto kwa bibi, hilo nilikataa lifanywe na mtu mwingine. Nikambeba mwenyewe hadi kwenye kochi alikokaa.

"Bibi, huyu hapa," nikasema, nikalitaja jina.

Hakumpokea. Alivuta shuka, akafunika kichwa, akainamisha uso mbele ya kile kitoto kichanga, kama bibi harusi aliyeletwa kwa baba mkwe wake. Kisha akanyoosha mikono yote miwili.

Watu walikuwa wanaendelea na pilau. Nikageuka, nikitafuta mtu wa kumwonyesha. Mkwe alikuwa ameshaweka sahani chini, macho ameyainamisha. Alikuwa ameona kabla yangu.