Mama Anachagua Cherehani Kitale

Macho ya mama yalianza kumgomea miaka ya themanini ikielekea ukingoni, na yalianzia kwenye matundu ya vifungo. Kushona kwa kawaida hakukumpa shida. Alikanyaga, cherehani ikaenda. Lakini cherehani yake ilijua kwenda mbele tu. Matundu aliyafanya kwa mkono: anachana kitambaa kwa wembe, kisha anazungushia uzi ukingoni mpaka unakuwa mgumu. Mwaka ule akaanza kuniletea mashati, "Hebu niangalilie hapa," nami nikikuta uzi umepita hewani.

Mtu mwingine hakujua. Pale kwetu Chwele fundi akisikika haoni vizuri, watu hawagombani naye. Wanamsalimia kwa adabu, kitambaa wanampelekea jirani. Sare za shule ndizo zilizotulisha, na shati la shule bila vifungo si shati. Kwa hiyo mama aliuza ndama wetu, akafunga vipande vya khaki kwenye leso, tukaenda Kitale kutafuta kichwa cha cherehani kinachotengeneza matundu. Meza ya miguu, ile ya kukanyaga, tulikuwa nayo. Stima ya kuendesha mashine hatukuwa nayo.

Mwenye duka alikuwa mzee Singasinga, mpole. Alituanzishia kwenye ile ya bei, kama wafanyabiashara wote.

"Hii inashona maua mingi, mama. Iko bata, iko majani, kila kitu."

"Mimi nashonea watoto wa shule," mama akamjibu. "Si mwalimu ataniuliza bata ni ya nini?"

Mimi bata niliwapenda, nisiseme uongo. Iliyofuata ilitaka stima, tukaipita. Ya mwisho ilikuwa kwenye rafu ya chini, rangi ya kijani iliyopauka, haina ua hata moja. Ilishona mbele na zigizagi, basi, na ubavuni ilikuwa na kirungu cha kuzungusha: unashona upande mmoja wa tundu, unafunga mwisho, unarudi na upande wa pili, unafunga tena. Hiyo ndiyo ndama wetu aliyoweza kuifikia.

"Jaribu, mama," mzee akasema, akaiweka kwenye meza ya miguu.

Mama akafanya kile mikono yake ilichozoea maisha yote. Akatoa wembe, akaichana khaki kwanza. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mashine inataka kitambaa kizima, wembe uje mwisho. Sindano ikatumbukia kwenye mpasuko, uzi ukajisokota chini, khaki ikamezwa. Wanawake wawili waliokuwa wakichagua vitenge wakacheka. Nilitamani kuwarushia mkasi. Mzee hakucheka, ila alisema jambo lililouma zaidi, tena kwa huruma:

"Mama, pengine hii si ya wewe. Tundu fanya na mkono tu, kama zamani."

Kwa mkono! Laiti angejua. Nilimwonea mama uchungu.

"Nionyeshe tena," mama akasema. "Polepole, na usiongee."

Mzee akashona kwenye kitambaa kizima, akizungusha kirungu, nacho kila hatua kikitoa mlio, ka, kisha akapasua katikati. Mama hakutazama kitambaa. Aliinamisha sikio, kidole chake kimegusa kirungu. Ilipofika zamu yake, alipanga khaki, akafumba macho.

"Mama, fungua macho," nikamnong'oneza, nikidhani ni aibu.

"Niachie."

Akakanyaga, akasimama, akazungusha, akakanyaga tena. Mwishoni alipapasa kingo mbili kwa ukucha, akapitisha wembe kati yake. Tundu lilipinda kidogo, lakini lilikuwa tundu.

"Tunabeba hii," akamwambia mzee.

Tulipotoka barazani nilimuuliza kwa nini alifumba macho, na mbona tusinunue miwani kwanza, mashine ingojee.

"Mambo ya miwani niliuliza Bungoma mwaka jana," akasema. "Daktari alisema haitanisaidia. Macho yatazimika tu. Sasa nilitaka kujua kama hii mashine itanikubali hiyo siku."

Nililia palepale, mbele ya watu, na kile kichwa cha cherehani kimenilemea mikononi. Akaniambia niache kulia niangalie magari, nisije nikatuua wote wawili. Kisha akanishika kiwiko, tukavuka barabara.