Joha na nywele za Biji

Jua la Al Twar, Dubai, limeshafika kwenye dirisha la sebuleni wakati Joha Mbwana anapoanza kazi yake ya kwanza ya siku. Bado hajafagia wala hajabandika chai. Anachana nywele.

Anasimama nyuma ya kiti cha Harbans Kaur, bibi wa miaka themanini na minne ambaye nyumba nzima inamwita Biji. Nywele zake nyeupe zinashuka hadi kiunoni. Hazijaguswa na mkasi tangu azaliwe. Joha anaanzia nchani, anapanda taratibu, kisha anazisokota, anazifunga kisogoni na kumtandia ushungi.

"Kwao nywele ni amana ya Mungu," anasema. "Unazitunza, huzipunguzi."

Biji ni wa dini ya Sikh, ambayo wafuasi wake huko Pongwe, Tanga, alikokulia Joha, huitwa Makalasinga. Joha alikuwa akiwatambua kwa vilemba vyao tu. Alipokuja Dubai miaka minne iliyopita kumhudumia bibi huyu, hakujua hata salamu yao.

Asubuhi ya kwanza Biji alimwomba kangha, kitana kidogo cha mbao ambacho Sikh hakiachi. Joha alisikia kanga. Akakimbilia chumbani, akarudi na doti yake mpya.

"Akaitazama, akajitupia mabegani, halafu akaendelea kunionyesha kichwa," anasimulia huku akicheka. "Kanga yenyewe hajanirudishia mpaka leo."

Joha ni Muislamu, na hofu yake kubwa ilikuwa swala. Lakini bosi wake, Gurdeep, mtoto wa Biji, alimwonyesha kona ya kuswalia siku hiyohiyo. Mkewe akamletea mswala. Biji naye, ambaye huamka alfajiri kusoma sala zake, akawa ndiye anayemgongea mlango Joha akipitiwa na usingizi.

Mwaka wa kwanza haujaisha, baba yake Joha alifariki. Simu ilikuja asubuhi, na mazishi yalikuwa alasiri ileile. Gurdeep alitaka kumkatia tiketi. Mama yake Joha akakataa.

"Aliniambia, 'Mwanangu, utafika baba yako keshazikwa. Majirani wamenisitiri. Kaa umalize mkataba.'"

Joha alikwenda jikoni kulia. Biji akaingia na mkongojo wake, akashuka chini taratibu mpaka akakaa naye sakafuni. Ilibidi baadaye watu wawili wamnyanyue.

Ijumaa iliyofuata Biji alimchukua kwenda gurdwara, nyumba yao ya ibada, kule Jebel Ali. Huko watu huvua viatu, hufunika vichwa, na baada ya sala hukaa chini kwa safu kula chakula cha bure kiitwacho langar. Tajiri na kibarua hupewa dengu zilezile, na haulizwi mtu dini yake. Joha alidhani amepelekwa kula. Biji akampa kapu la chapati.

"Akaniambia, 'Leo usipokee. Leo gawa.' Nikazunguka na lile kapu, kila mtu ananyoosha mikono miwili. Nilipomaliza safu ya mwisho, nikaona naweza kupumua."

Shoga zake wa mtaa wa Karama walipopata habari, wakamuuliza kama amebadili dini. "Nikawaambia, kumpakulia mtu chakula si kubadili dini. Mimi naswali zangu tano, alhamdulillahi."

Mwaka jana ikawa zamu ya Joha kumsitiri Biji. Biji alianguka bafuni akavunjika nyonga. Hospitalini, kwa homa iliyompotezea fahamu na kulala chali siku kadhaa, nywele zikajisokota zikawa kama kamba. Gurdeep alikuwa safarini, mkewe alikuwa kazini. Muuguzi wa zamu, Fridah, Mkenya kutoka Meru, akaja na mkasi.

"Dada, hizi zimeshikana kabisa," Fridah akamwambia. "Wacha nikate kidogo tu, zitamea."

"Hazikatwi."

"Kwani ni zako?"

"Si zangu. Ndiyo maana siwezi kukuruhusu."

Fridah akamtazama, akautia mkasi mfukoni. Joha akaomba mafuta ya nazi, akaanza kuchambua unywele mmoja mmoja. Fridah alipopata nafasi akavuta kiti upande wa pili, akashika fundo lake. Adhuhuri iliwakuta wakizungumza habari za kwao.

Jioni Biji alizinduka. Kabla ya kuomba maji, mkono wake ulipanda kichwani, ukapapasa. Ulipokuta nywele zote zimefungwa kisogoni, ukatulia, kisha ukatafuta mkono wa Joha.

"Bosi na mkewe wananishukuru mimi," anasema Joha. "Lakini Biji ndiye aliyeanza, alipokaa na mimi sakafuni siku ile."

Desemba hii anakwenda likizo, yake ya kwanza. Gurdeep ameshamkatia tiketi, na atarudi baada ya mwezi mmoja. Ana jambo moja analolitaka mbele ya yote: kuwaita waliobeba jeneza la baba yake, waliochimba kaburi na waliolala msibani kumliwaza mama yake. Atatandika mikeka uani, awakalishe wote chini kwa safu, imamu kando ya muuza mkaa.

Mama yake ameshasema watatafutwa vijana wa kugawa pilau. Joha amekataa.

"Wao walimbeba baba mimi sipo," anasema. "Nitawapakulia kwa mkono wangu, mpaka wa mwisho. Halafu ndiyo na mimi nikae, nile."