Makanisa ya Kifaransa ya Mke Wangu

Mke wangu alikuwa msusi hapa Troyeville, mtaa wetu wa ugenini. Ufaransa hakuwahi kufika, hata kwa ndoto. Lakini kila Jumapili baada ya misa aliketi jikoni na kitabu cha picha alichopewa na masista wa shule yake kule Bukavu, akachora kwa rangi za maji makanisa ya kale ya Kifaransa: minara, matao, madirisha ya duara yenye vioo vya rangi, na zile nguzo za nje zinazosukuma ukuta kama watu wanaosukuma gari bovu.

Nilimtania: "Wewe mwanamke, haya yetu ya mabati umeshayamaliza?"

Akajibu bila kuinua macho: "Toa chai yako mezani, Papa. Tone moja tu, mnara unaondoka."

Alipofariki aliacha michoro kumi na mmoja. Sura yake ninayo kwenye simu, lakini kazi ya mkono wake ilikuwa hiyo tu. Nywele alizosuka zilikwishafumuliwa. Nikajiapia kwamba michoro hiyo haitatoka humu ndani nikiwa hai.

Kwetu, siku ya kuanua matanga, akina mama huosha kila alichokishika marehemu, hata kijiko, ndipo aende zake salama. Walikuja asubuhi na mabeseni, akina mama wa kanisani. Mimi nilikaa kitini. Nasema ukweli, sikuwa na uchungu. Sikuwa na kitu. Wakinisalimu naitika, wakinipa uji nakunywa.

Mkubwa wao akaja na michoro mkononi. "Papa, na hizi karatasi?"

"Osheni zote."

Hata yeye alisita. "Zote?"

"Mama, si nimesema zote!" Nikamfokea kabisa, mtu mzima yule.

Nilipotoka kwenda uani nilizikuta zile karatasi kambani, zimebanwa kwa vibanio kati ya sketi zake na mashuka. Nyeupe pe. Ilibaki mistari ya penseli, hapa na pale.

Yule mkubwa wao akaniuliza kama zimetakata. Nikasema zimetakata, nikamshukuru. Kosa lake lipi? Aliniuliza mara mbili. Nikasimama pale nikingoja machozi. Eish, hata hayo hayakuja.

Maji ya beseni yalikuwa na rangi zote za Jumapili zake. Nikashika upande mmoja, yeye akashika wa pili, tukayamwaga barabarani.