Kitufe Kisicho na Neno

Wiki niliyokuwa nafunga mizigo, baba yangu alikuwa bubu kwa mara ya pili. Mara ya kwanza ilikuwa kiharusi, kilichomwangusha kwenye cherehani yake nikiwa bado shule ya msingi, kikaondoka na nguvu ya mkono wa kulia na maneno yote. Mara hii ya pili aliyemnyamazisha ni mama. Mama mwenyewe alikuwa analijua hilo vizuri, ndiyo maana hakuna aliyethubutu kumwambia.

Hebu nimweleze mama kwanza. Mama ni mwandishi wa programu za kompyuta. Anaiandikia ofisi ya maji, zile programu zinazotoa bili ambazo mtaa mzima huzitukana, naye hujikausha kama hahusiki. Baba alipopoteza usemi, mama hakulia mbele yetu. Alikaa kwenye meza ya chakula akaandika programu: vitufe vyenye picha kwenye tableti, kila kitufe na neno lake. Baba akigusa kikombe, tableti inasema, "Naomba chai." Sauti ilirekodiwa na mjomba, kaka yake mama, kwa kuwa ndiye mwanamume aliyekuwa karibu siku hiyo. Sasa baba na mjomba hawajawahi kupatana hata juu ya ni saa ngapi, na ndiye huyohuyo aliyemwazima koo! Kila tukikusanyika mjomba hujisifu, "Shemeji, bila mimi ungeomba vipi maji?" Baba naye hugusa kitufe anachokipenda kuliko vyote, mjomba akajisikia mwenyewe akisema, "Nyamaza wewe."

Basi tableti ile ya zamani ikafa. Tulinunua mpya, na mpya ikakataa programu ya mama mpaka iandaliwe upya kwa toleo jipya la lugha aliyoiandikia. Lugha za kompyuta nazo hukua, na jambo lililoruhusiwa jana leo linaweza kuwa kosa. Mama aliweka toleo jipya kwa furaha tele, akaikabidhi kompaila maandishi yake ya miaka mingi. Kompaila ndiyo inayosoma alichokiandika mtu na kukigeuza kuwa kitu ambacho mashine inaweza kukitenda. Iliyasoma, ikagoma. Skrini ilijaa makosa mekundu juu mpaka chini.

"Mama, Jumamosi naondoka," nilimkumbusha. Nilikuwa nimepata kazi nchi ya mbali, mkataba wa miaka miwili. "Nataka baba aniage."

"Atakuaga," alisema bila kunitazama. "Kwani mimi nimelala?"

Hakulala, lakini nyumba nzima ilikuwa kama imesinzia. Mchana wa siku zile ulikuwa mrefu na mtulivu. Mwanga uliingia kupitia pazia la kijani, ukatambaa ukutani, ukashuka sakafuni, ukafika miguuni kwa mama naye asiuone. Aliongea na kompaila kwa sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mgeni aliyekataa kuketi. "Haya, hapo nako umekataa nini? Mmebadilisha jina? Si mngesema." Alikuwa anaanza na kosa la juu kabisa, kwa sababu, aliniambia, hilo ndilo linalozaa mengine. Akilirekebisha, chungu nzima inatoweka. Halafu yanakuja mapya ambayo yalikuwa yamejificha nyuma yake.

Mimi nilikunja nguo nikazikunjua. Nilisinzia katikati ya kukunja, na usingizini nikaona maneno ya baba yakitembea ukutani pamoja na ule mwanga: chai, dirisha, fungua, funga, bado. Hayakuwa na haraka. Nilipoamka, baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, tableti mpya mapajani, nyeusi tii, anaifuta kwa mkono wa shati. Ilinichoma moyo. Mtu huyu zamani aliweza kumsimulia mteja habari za dunia nzima wakati anampima kiuno.

Alhamisi mchana mama aliniita. "Limebaki moja tu. Njoo uone lilivyo jeuri."

Nikasogea. Kila ukurasa wa programu aliugawa nafasi sawasawa, na nafasi ya mwisho kwenye ukurasa wa kwanza, ile ya pembeni chini, haikuwahi kupata picha wala neno. Ukiigusa ilitoa kamlio kadogo, tik, basi.

"Inaniuliza, kitufe kikiwa hakina neno, ifanye nini," mama alisema. "Zamani haikuuliza. Ilikuwa inapita tu. Siku hizi imekuwa mahakama, haikubali mpaka useme."

"Sasa utasema nini?"

"Kitufe hakina neno, kina kazi gani? Nakiondoa." Akaandika mstari mmoja wa kuficha kila kitufe kisicho na neno. Kompaila ikasoma kimya, ikakubali.

Mama alipiga vigelegele, akaizunguka meza akicheza bila muziki. Baba akagusa kikombe. "Naomba chai," sauti ya mjomba ikajaa sebule, na kwa mara ya kwanza maishani nilifurahi kuisikia. Akagusa, "Asante, mke wangu." Kisha kidole chake kikashuka pembeni chini, kikasimama hewani. Kikarudi juu, kikashuka tena. Alifungua kurasa zote, akarudi ule wa kwanza. Mwisho akaiweka tableti kando, akageukia dirisha.

"Vipi tena, baba watoto? Hujaipenda?"

Baba akatikisa kichwa, na hatukujua anakataa nini.

"Macho yameniiva kwa ajili yake, halafu ananuna!" mama aliniambia jikoni, na sauti yake ilikuwa na machozi ndani. Mimi nilimkasirikia baba waziwazi. Hata chai nilimpelekea bila neno.

Ijumaa mchana hatukusemeshana sana. Mama alikuwa mezani anamalizia kazi ya ofisini, mimi napiga pasi. Pazia lilikuwa linajaa upepo na kunywea. Hapo nikasikia, tik.

Ilikuwa kucha ya baba kwenye mkono wa kiti. Mama akainua kichwa papo hapo, kama aliyeitwa jina. Akamtazama baba. Baba akamtazama, akatabasamu kwa ule upande wa mdomo unaotabasamu. Mama akatabasamu pia, akainamia kazi yake. Kisha vidole vyake vikasimama juu ya kibodi.

"Subiri," alisema. "Subiri kwanza."

Akanigeukia. "Kile kitufe. Miaka yote nilidhani kidole kinateleza. Hata kumgombeza nilimgombeza."

Na mimi nikakumbuka. Kazi zote za shule nilizifanya kwenye meza ile, na kila mara ilikuwa tik, mama anainua kichwa, wanatazamana, mama anarudi kwenye kazi. Nilidhani ni mlio wa nyumba tu, kama friji.

Mama alikwenda akapiga magoti kando ya kiti. "Ulikuwa unaniita?"

Baba akatikisa kichwa.

"Ulikuwa na shida yoyote?"

Akatikisa tena.

"Ulitaka tu nikutazame?"

Akaitikia kwa kichwa, taratibu. Mama akalia mbele yangu, kilio chote kile ambacho hakukilia wakati wa kiharusi, na baba akamshika bega kwa mkono wake mzima.

Alipojifuta uso aliuliza, "Nikiwekee neno? Kaka anaweza kurekodi."

Baba aliivuta tableti, akagusa. "Nyamaza wewe," akasema mjomba. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mama akarudi mezani, akafuta ule mstari wa kuficha, akaijibu kompaila alichoulizwa: pasipo na neno, lia tik, kisha tulia. Haikupinga chochote.

Jumamosi teksi ilikuwa nje inapiga honi. Mjomba alikuwa amerekodi hotuba ya kuniaga, ndefu kama ya mgeni rasmi, akaiwekea picha ya ndege, na sasa alisimama mlangoni amevaa suti akingoja kujisikia. Mimi nilikuwa nimeinamia begi lililokuwa begani, natafuta pasipoti ambayo nilikwisha kuishika, kwa sababu sikutaka waone uso wangu.

Tik.

Mama aliinua kichwa kwa mazoea. Lakini baba hakuwa anamtazama yeye. Nikainua changu. Alinitazama kwa utulivu mkubwa, bila kuharakisha, kama tuna mchana mzima mbele yetu.

"Shemeji, ya ndege iko juu," mjomba alinong'ona. "Hiyo uliyogusa haina kitu."

Teksi ikapiga honi tena. Baba akagusa tena, na mimi nikaweka begi chini.