Anayetangulia ni Mama Antoinette

Niseme mapema kwamba mkono na mimi niliuinua. Wanaosimulia habari za namna hii hujiweka upande mzuri, na mimi upande huo sikuwepo. Naitwa Yvette, nasuka nywele hapa Durban, na katika kikao cha Septemba nilipiga kura kwamba Mama Antoinette asipande mlima.

Kila Oktoba, sisi watu wa Uvira, Kongo, tulioishia huku hukodi taxi mbili, vile vibasi vya abiria, tukaenda kupanda milima ya Drakensberg. Tunakumbuka Oktoba ya mwaka 1996, tulipoikimbia vita kwa njia za milimani na wengine wetu wakabaki huko. Tunapanda kwa mstari mmoja, tukifika juu tunasoma majina yao. Sheria ya safari ni moja tu: mwenye mwendo wa pole kuliko wote ndiye anayetangulia, na hapitwi. Mama Antoinette ndiye aliyeileta miaka tisa iliyopita, wakati yeye mwenyewe bado anatembea vizuri. Hakusema ameitoa wapi, nasi hatukuuliza.

Sasa ana miaka sabini na mmoja na nyonga mbovu. Anafua ovaroli za madereva wa malori kule Clairwood, kwa mikono yake, grisi na yote, na ukimtajia mashine ya kufulia anakuuliza kama mashine ina macho ya kuona doa. Ni mkaidi, ana mdomo, na nampenda. Lakini mwaka jana mwendo wake ulituchelewesha, mvua ya radi ikatukuta juu, na Annick akalazwa hospitali siku tatu kwa kifua. Ndipo Papa Josias, mwenyekiti wetu, muuza simu asiyeacha kutazama saa, akaleta hoja yake.

“Mama, mwaka hii utabakia na gari,” alimwambia mbele ya kikao kizima. “Tutakuwekea kiti, utachunga chakula. Sisi tutapanda mbio na tutarudi. Utatungoja tu pale chini.”

Mikono ikainuka, wangu ukiwemo. Mama Antoinette alitutazama mmoja mmoja.

“Nimesikia,” akasema. Akachukua mkoba wake, akaenda zake.

Nikadhani amekubali. Miaka yote hiyo ya kufahamiana, na bado nikadhani amekubali!

Alfajiri ya safari hakutokea. Josias alimpigia simu mara nne, haikupatikana. “Amekasirika, atapoa,” akasema, na mimi, kwa aibu yangu, nikashusha pumzi. Tukaondoka bila yeye.

Saa tatu tulifika kwenye geti la mlima. Mlinzi, Mzulu mmoja mcheshi, alitupatia daftari ambalo kila mpandaji huandika jina lake, huku akicheka. Akatuambia gogo wetu amepita zamani. Gogo ni bibi kwa Kizulu. Tukatazama: jina la kwanza siku ile lilikuwa Antoinette, saa kumi na moja na dakika hamsini, kwa mwandiko wake ule uliolala. Kumbe Goodluck, dereva Mtanzania anayefuliwa naye, alimpakia jana yake kwenye lori lililokuwa likielekea Johannesburg, akamshusha njiani. Kutoka hapo akachukua taxi za vijijini, akalala kwa mama mmoja anayeuza mikate jirani na geti.

“Eish! Huyu mama!” alisema Josias.

Nilicheka mpaka nikajishikiza ukutani. Halafu kicheko kikanikauka. Alikuwa mbele yetu, na sheria hakuna aliyeifuta.

Tulimkuta saa tano kasoro, mahali njia ni nyembamba, ukuta wa mawe huku na bonde huku. Alikuwa anapanda akiegemea mpini wa ufagio: hatua, pumzi, hatua. Mawingu yalishaanza kujikusanya nyuma ya kilele. Josias alikuwa na hasira ya kweli, na sikumlaumu.

“Mama, kaa hapa kwa jiwe, tupite. Tutakuchukua tukirudi.”

Hapo akageuka.

“Josias, hayo maneno ni yangu. Nilimwambia Gloriose hayo hayo.”

Jina la Gloriose tulilisoma kila mwaka. Tulijua ni dada yake. Zaidi ya hapo hatukujua kitu.

“Mguu wake ulivimba,” akasema. “Alikuwa anatukawisha. Mimi nilikuwa na nguvu, niko mbele, niko na mtoto mgongoni. Nikamwambia, dada, kaa hapa kwa jiwe, tutakuchukua tukirudi. Akaniamini, akakaa. Sikurudi, Josias. Mimi ndiye sikurudi.”

Hakulia. Alisogea ukingoni kabisa, akatupisha.

“Basi pita. Uko na saa, uko na miguu, mimi sikuzuii. Lakini kwa jiwe sikai. Hata mukipita bote, nitakuja nyuma yenu mpaka juu.”

Niliuchukia mkono wangu. Tulikuwa watu ishirini na sita nyuma ya Josias, na njia ilikuwa wazi mbele yetu. Ngurumo ya kwanza ikapiga. Annick, yule aliyelazwa mwaka jana, mwenye haki kuliko sisi sote ya kukimbia, alifunga zipu ya koti lake mpaka kidevuni.

“Mimi sipiti,” akasema.

Josias alitazama mawingu, akamtazama mama. Nilimwona akitaka kusema jambo kuhusu saa, akalimeza.

“Tangulia, Mama,” akasema. “Tuko nyuma yako.”

Mvua ilitupiga kweli, na ilikuwa mvua ya mawe. Tulifika juu saa nane, tumelowa hadi mifupani, Annick akikohoa, na mtu akiniambia ule ulikuwa wazimu sitabishana naye. Hakuna aliyempita.