Matrekta matatu niliyoyakalia Ilongero, na breki iliyonitia kwenye minyaa

Wakuu wa baraza hili, mlio wakubwa kwangu shikamooni, na wa rika langu habari za mashamba.

Nimesoma barua za wenzetu humu gazetini, wanabishana trekta dogo lipi linamfaa mtu mwenye shamba lake mwenyewe. Nikacheka. Wengi wenu inaonekana mmeliona trekta likipita barabarani tu.

Mimi nimeyakalia matatu kwa siku moja. Nitawaeleza yote, na pale nilipoaibika sitaparuka, maana mashahidi walikuwa wengi mno.

Kwanza mnijue. Shule nilikaa mpaka nilipoweza kuandika jina langu, nikaona yatosha. Nilianza kwa kubeba asali na nta kichwani kutoka vichaka vya Itigi mpaka stesheni. Leo nina nyumba ya bati, plau yangu, na maksai wawili ambao watu wa Ilongero huja kuwaazima kwa adabu.

Wa kushoto anaitwa Karani, kwa kuwa hutembea kama mtu anayewaza. Wa kulia ni Jemadari. Nimewafundisha mwenyewe tangu wakiwa ndama.

Basi Bwana Shamba akatangaza kwamba kampuni moja italeta matrekta madogo matatu kwa lori, watu wayajaribu kabla ya mvua.

Nikasema kilabuni, mbele ya watu, tena kwa sauti: siku hiyo nachagua trekta, na siku hiyo hiyo Karani na Jemadari wanakwenda kwa mchinjaji. Nikampelekea habari mchinjaji wa Shelui aje na kamba.

Mke wangu, Mama Daudi, hakupenda kabisa. "Baba Daudi," akasema, "hawa ndio waliotulisha mwaka ule wa njaa. Si ujaribu kwanza hilo trekta?"

Nikamjibu, "Aliyewaendesha Karani na Jemadari atashindwa na chuma?"

Maneno hayo niliyasema mimi, wakuu. Hakunilazimisha mtu.

Siku ikafika. Fundi wa kampuni, kijana mpole aitwaye Yohana, akayapanga pembeni mwa shamba la Mzee Mughenyi, lile linalopakana na zizi lake lenye ua wa minyaa. Watu wamejaa. Mchinjaji naye yupo, kamba begani. Maksai wangu nimewafunga kivulini, tayari.

Nikaanza na jekundu. Ni dogo, na kiti chake kimewekwa upande, si katikati, kama mtu aliyepanda punda vibaya. Lakini unaona mistari ya mazao chini yako vizuri, kwa palizi linafaa. Kwa udongo wetu mgumu wa kabla ya mvua, hapana. Lilikwaruza tu kama kuku.

La pili la buluu. Hilo lina mgongo. Pedali mbili za breki ziko pamoja kwenye mguu wa kulia, na kuna kikomeo cha kuziunganisha uwapo barabarani. Klachi ipo peke yake kushoto. Nililiendesha mbele na kurudi, likalima kina kizuri. Nikashuka nikiwa nimejaa kiburi, nikamkonyeza mchinjaji.

La tatu la kijivu. Fupi, zuri kama ndama wa kwanza. Injini unaiwasha kwa kuusukuma mkono wa gia wenyewe, kwa hiyo haliwezi kuwaka likiwa kwenye gia. Moto hauongezwi kwa mguu kama kwenye lori. Kuna mkono mdogo chini ya stelingi, ukiuvuta injini inabaki na kasi hiyo hiyo mpaka uurudishe.

Na breki zake wamezitenga. Ya tairi la kushoto iko mguu wa kushoto, chini ya klachi. Ya tairi la kulia iko mguu wa kulia.

Yohana alinieleza matumizi yake. Mimi nilikuwa naitikia kwa kichwa ili watu waone kwamba nafahamu. Kusikia, sikusikia.

Nikaondoka. Mwisho wa shamba, mbele yangu ua wa minyaa, natakiwa nikate kulia.

Sasa ninyi mnaolima kwa maksai mtanielewa. Ukitaka kugeuka kulia unamchapa nani? Unamchapa wa kushoto, aharakishe azunguke, na wa kulia anasubiri. Nimefanya hivyo miaka yangu yote. Mwili wangu ndio unaojua, si kichwa.

Nikazungusha stelingi kulia, na mguu wangu wa kushoto ukamchapa Karani.

Trekta likakata kushoto.

Nikaona Karani ana uvivu. Nikamkanyaga kwa nguvu zaidi, na kwa mkono nikavuta moto ili aamke. Nikapiga na kelele, "Karani! We Karani! Zunguka!"

Watu wote walisikia. Karani mwenyewe alisikia, kule kivulini akajibu, "Mooo."

Likaingia kwenye minyaa mpaka kiti, tairi la mbele likatumbukia kwenye shimo la samadi, injini ikazima. Utomvu ukanimwagikia usoni. Asiyeujua utomvu wa mnyaa machoni, asiombe kuujua.

Nilikaa pale juu macho nimefumba, nasikia vicheko. Mke wa Mzee Mughenyi akaja na kibuyu cha maziwa, akawa ananimwagia usoni kama anamwogesha mtoto.

Yohana alijaribu kulirudisha nyuma, matairi yakazunguka bure. Ndipo nikasikia sauti ya Mama Daudi, na mnyororo unaburuzwa.

"Karani. Jemadari. Haya, twendeni, baba zangu."

Wakavuta mara mbili. Mara ya tatu trekta likatoka, nami juu yake natiririka maziwa.

Mchinjaji wa Shelui akakunja kamba yake. "Bwana," akasema, "maksai hawa siwezi kuwachinja, nitalaaniwa. Lakini kama unaliuza hilo la kijivu, nalichukua. Naona limeshakufa."

Jioni Mama Daudi hakunicheka. Aliuliza tu, "Yohana si alisema breki humzuia wa upande ule?"

"Alisema."

"Basi wewe hukumchapa Karani. Ulimshika mkia."

Wakuu, mimi nimeelezwa mambo na watu wengi waliosoma. Sijawahi kuelezwa jambo likaingia hivyo.

Kwa hiyo ushauri wangu ndio huu. La kijivu ni zuri na sina ugomvi nalo, kosa lilikuwa la miguu yangu. Ila mtu wa maksai kama mimi aanze na la buluu, breki zote mguu mmoja. Na kabla injini haijawaka, kaa juu ya kiti, umwombe fundi akuulize: kulia? kushoto? Ujibu kwa mguu, si kwa mdomo. Mdomo wangu ulishinda mitihani yote.

La buluu nitalinunua. Lakini Mama Daudi ametoa sharti, na safari hii sikubisha: maksai hawauzwi. Nami silipandi trekta mpaka nigeuke mara kumi mfululizo bila kukosea.

Basi kila asubuhi naweka kigoda uani, na chini naweka kandambili mbili za tairi kuwa pedali. Mama Daudi anapepeta mtama huku anaita, "Kulia! Kushoto! Kulia!" Majirani wanapita polepole kuliko zamani.

Jana nilifika tisa. Ya kumi akaita kulia, nikakanyaga kushoto. Karani alikuwa amelala zizini anacheua. Akaacha kucheua, akanitazama.

Leo nimeanza tena na moja.

Mwenye la buluu anayelima udongo mgumu kama wetu, aniandikie hapa barazani: kile kikomeo cha breki hakilegei? Na aliyewahi kumwita maksai akiwa juu ya trekta, naye aseme, nisibaki peke yangu.